Njia za Uchapishaji na Ujenzi wa Taaluma ya Uandishi: Mafunzo kutoka Migori na Homa Bay

Ikisiri

Makala haya yanachunguza njia tatu ambazo mwandishi chipukizi wa Kiswahili anaweza kuzifuata ili kazi yake iwafikie wasomaji: njia ya mchapishaji wa kibiashara, njia ya matbaa ya asasi au ya eneo, na njia ya kujichapishia. Mifano mikuu imetolewa katika maeneo ya Migori na Homa Bay, yaliyokuwa sehemu ya Nyanza Kusini, na mingine katika maeneo mengine ya Kenya pale inapohitajika kwa ulinganishi. Makala yanadai kwamba hakuna njia moja iliyo bora kwa kila mswada. Kinachoamua ni majibu ya maswali matatu: nani atakayesoma, nani atakayegharamia, na nani atakayebaki na haki. Hatimaye yanapendekeza hatua ambazo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuanza kuzichukua akiwa bado chuoni.

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapohitimu huwa amefunzwa kuihakiki riwaya, kuipima tamthilia na kuzihesabu mizani za shairi. Ni nadra, hata hivyo, kufunzwa jinsi riwaya hiyo ilivyotoka mikononi mwa mwandishi hadi ikafika rafuni. Mtaala wa fasihi humpa kitabu kikiwa tayari kimevishwa jalada. Safari ya mswada, yaani majadiliano na mhariri, mkataba, gharama za kupiga chapa, usambazaji na mrabaha, hubaki kuwa siri ya watu wachache waliobahatika kuipitia.

Upungufu huu una athari kubwa zaidi kwa wanaoishi mbali na Nairobi. Chukulia mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa karibu na Rongo au Ndhiwa ambaye ana mswada wa riwaya aliouandika kwa miaka mitano. Akiutuma kwa mchapishaji bila kujua kama anachapisha riwaya, huenda asijibiwe. Akiupeleka kwa mpiga chapa wa mjini bila kuuhariri, atajikuta na maboksi ya vitabu visivyonunuliwa. Akikata tamaa, mswada utaliwa na mchwa. Katika hali zote tatu, anayepoteza si yeye peke yake. Kiswahili nacho hukosa sauti ya eneo lililo na mengi ya kusema.

Ni kweli kwamba wapo wanaoamini kuwa mwandishi wa kweli hajishughulishi na masuala ya soko, kwamba kazi njema hujiuza. Methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza hutumiwa mara nyingi kuunga mkono rai hiyo. Lakini methali hiyo huchukulia kwamba chema kimekwisha kufika sokoni. Mswada uliofungiwa sandukuni haujafika popote, uwe mwema au mbaya.

Eneo na lugha zake

Migori na Homa Bay ni kaunti jirani zilizo kandokando mwa Ziwa Viktoria. Wengi wa wakazi wake huzungumza Kijaluo, lugha ya Kiniloti. Migori ina pia Wakuria, ambao wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, na visiwa vya Rusinga na Mfangano vilivyo Homa Bay ni makazi ya Wasuba, ambao lugha yao ya Kibantu imemezwa kwa kiasi kikubwa na Kijaluo. Katika mazingira kama haya Kiswahili si lugha ya darasani tu. Ndicho kinachotumiwa katika biashara ya mpakani baina ya Isebania na Sirare, na ndicho kinachowaunganisha watu wa makabila mbalimbali katika miji ya Migori, Awendo na Mbita.

Kwa mintarafu ya uchapishaji, hali hii ina maana mbili. Kwanza, mwandishi wa eneo hili ana uamuzi wa kufanya kuhusu lugha kabla hata ya kufikiria mchapishaji. Akiandika kwa Kijaluo atawagusa wasomaji wa nyumbani kwa ukaribu mkubwa. Akiandika kwa Kiswahili, mlango wa Tanzania u karibu naye kuliko ule wa Nairobi. Pili, eneo lenyewe ni hazina ya maudhui. Kuna simulizi za Gor Mahia wa Kanyamwa, za Nyamgondho wa Gwassi, na za kijiji kilichodidimia na kuwa ziwa la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay. Kuna pia boma la mawe la Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, lililoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Fauka ya hayo, eneo hili sasa lina vyuo vikuu vyake. Chuo Kikuu cha Rongo kilipata hati ya kujitegemea mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kilichoko Homa Bay kikaipata mwaka 2022. Wasomaji, wahakiki na waandishi wanaandaliwa papo hapo. Ni vyema basi kuuliza: waliotangulia walipitia wapi?

Njia ya kwanza: Mchapishaji wa kibiashara

Mfano ulio karibu zaidi na mwanafunzi wa Kiswahili ni wa Profesa Chacha Nyaigotti-Chacha, msomi na mtunzi wa tamthilia anayetoka Ukuria. Tamthilia yake Mke Mwenza ilichapishwa na Heinemann, Nairobi, mwaka 1982. Marejeo ilitolewa mwaka 1986 na Kenya Literature Bureau. Mwaka 1992 uhakiki wake, Ushairi wa Abdilatif Abdalla: Sauti ya Utetezi, ulichapishwa na Dar es Salaam University Press. Aidha, aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki.

Orodha hiyo fupi ina funzo. Mwandishi huyu hakufungamana na mlango mmoja. Tamthilia zake alizipeleka kwa wachapishaji waliokuwa na mtandao wa shule nchini Kenya. Uhakiki wa kitaaluma wa mshairi wa Mombasa ulitolewa na matbaa ya chuo kikuu ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo wasomi wa Kiswahili walikuwa wengi na ambapo kazi ya aina hiyo ingepata wasomaji wake. Kwa maneno mengine, kila utanzu ulikuwa na nyumba yake. Mwandishi anayetuma mashairi kwa mchapishaji wa vitabu vya hisabati hapaswi kushangaa asipojibiwa.

Mchapishaji wa kibiashara hugharamia uhariri, usanifu, upigaji chapa na usambazaji. Mwandishi halipi chochote, na badala yake hupewa mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo. Hapa ndipo ulipo mpaka baina ya mchapishaji na mpiga chapa. Mchapishaji huwekeza fedha zake na kubeba hasara ikitokea. Mpiga chapa hulipwa ili atoe nakala, na kazi yake huishia hapo. Anayejiita mchapishaji huku akimtaka mwandishi alipe gharama zote ni mpiga chapa aliyejivika kanzu ya mwenzake, na mwandishi anapaswa kumpima kama mpiga chapa: kwa bei, kwa ubora wa karatasi na kwa muda wa kazi.

Njia hii ina kasoro zake. Mswada unaweza kusubiri miaka miwili au zaidi kabla ya kuamuliwa. Soko la vitabu nchini Kenya limeegemea mno shule, hivyo riwaya ambayo haina matumaini ya kuingia darasani hupata ugumu wa kukubaliwa. Vilevile, kampuni huzaliwa, hubadilika na hata kufa. Heinemann ya Kenya iligeuka kuwa East African Educational Publishers mwaka 1992 chini ya uongozi wa Henry Chakava. East African Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1965 na ambayo ndiyo iliyochapisha The Promised Land ya Grace Ogot mwaka 1966, ilisambaratika katika miaka ya 1980. Mwandishi anayetia saini mkataba anapaswa kujua kwamba huenda mkataba huo ukaishi kuliko kampuni yenyewe.

Njia ya pili: Matbaa ya asasi na ya eneo

Wengi hudhani kwamba uchapishaji ni jambo la Nairobi pekee. Historia ya Homa Bay yaikanusha dhana hiyo. Mwaka 1906 wamisionari wa Kiadventista, Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo kutoka Malawi ya leo, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 misheni hiyo ilikuwa na mtambo wake wa kupiga chapa, ambao ndio ulioasisi matbaa iliyokuja kujulikana kama Africa Herald Publishing House. Hivyo basi, kandokando mwa ziwa, vitabu na vijarida vilikuwa vikitolewa zaidi ya nusu karne kabla ya kuundwa kwa Jomo Kenyatta Foundation mwaka 1966.

Matbaa ya asasi, iwe ya dini, ya chuo au ya shirika, ina wasomaji wake wanaojulikana na njia zake za kuwafikia. Huo ndio uwezo wake. Udhaifu wake ni kwamba huchapisha yale yanayoafiki malengo ya asasi. Mwandishi ambaye kazi yake yaingiliana na malengo hayo hupata msambazaji asiyekuwa na mpinzani. Yule ambaye kazi yake iko nje ya malengo hayo hana haja ya kubisha hodi.

Kutoka mazingira hayohayo ya Karachuonyo alitokea Paul Mboya, mchungaji wa Kiadventista aliyekuwa pia chifu. Kitabu chake cha Kijaluo kuhusu mila na desturi za Wajaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, kilitolewa mwaka 1938 na kupigwa chapa Nairobi na kampuni ya gazeti la East African Standard. Kiliwahi kutolewa upya na Anyange Press ya Kisumu mwaka 1983, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 2001. Kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya eneo moja, na mtu ambaye hakuwa mwandishi wa kulipwa, kimeendelea kutajwa na wanahistoria na wanaanthropolojia kwa zaidi ya miaka 80. Sababu si ukubwa wa kampuni iliyokipiga chapa. Kilihifadhi maarifa ambayo wasomaji waliyahitaji, na kila kilipoadimika alitokea mtu wa eneo lenyewe aliyekifufua.

Huduma hiyo ya kufufua na kuendeleza ilifanywa kwa kiasi kikubwa na matbaa ndogo za Kisumu. Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers and Enterprises mwaka 1982, na kwa njia hiyo akawa mwandishi na mchapishaji kwa wakati mmoja. Grace Ogot, aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa kazi zake za Kiingereza, aligeukia Kijaluo katika miaka ya 1980, na miongoni mwa kazi zake za kipindi hicho ni Simbi Nyaima. Hawa hawakuwa waandishi walioshindwa kuingia Nairobi. Walikuwa tayari wamechapishwa huko. Walichagua matbaa ya karibu kwa sababu wasomaji waliowalenga walikuwa karibu.

Kinyume chake ni mfano wa Tom Mboya, mwanasiasa ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga. Kitabu chake Freedom and After kilichapishwa London na André Deutsch mwaka 1963. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake: alikusudia kusikika katika miji mikuu ya dunia wakati Kenya ikipata uhuru. Lakini mvuvi wa Mbita asingekipata kwa urahisi, wala asingekisoma kwa lugha yake. Njia iliyomfaa mwanasiasa wa kimataifa isingemfaa Paul Mboya wa Karachuonyo, na kinyume chake ni kweli.

Njia ya tatu: Kujichapishia

Kujichapishia hudharauliwa na baadhi ya wahakiki kwa hoja kwamba hakuna mlinzi wa ubora. Hoja hiyo ina uzito, lakini si kamili. David Maillu alianzisha Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970 na vitabu vyake vikanunuliwa kwa wingi, ingawa vilipigwa marufuku nchini Tanzania mwaka 1976 na kampuni yenyewe haikudumu. Katika Kiswahili, mfano bora ni wa Kithaka wa Mberia, ambaye tamthilia zake Natala ya mwaka 1997 na Kifo Kisimani ya mwaka 2001 zilitolewa na Marimba Publications, kampuni yake mwenyewe. Kifo Kisimani iliteuliwa kutahiniwa katika KCSE katika muongo wa kwanza wa karne hii. Kazi iliyochapishwa na mtunzi wake ilisomwa basi na wanafunzi wa nchi nzima, Migori na Homa Bay wakiwemo.

Tofauti baina ya kufaulu na kutofaulu katika njia hii aghalabu ni hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwandishi anachapisha nakala 500 za diwani yake. Kila nakala inagharimu shilingi 180 kuipiga chapa, jumla shilingi 90,000. Uhariri, usanifu na jalada vinagharimu shilingi 40,000. Gharama zote ni shilingi 130,000. Bei ya kitabu ni shilingi 400, na duka la vitabu linabaki na asilimia 30, hivyo mwandishi anapata shilingi 280 kwa kila nakala. Ili arejeshe mtaji wake pekee itabidi auze nakala 465. Zikiuzwa zote 500, faida yake ni shilingi 10,000, na hapo nauli ya kusafirisha vitabu haijahesabiwa.

Mwandishi huyohuyo akiuza yeye mwenyewe, katika shule, makongamano na mikutano, mtaji utarudi baada ya nakala 325, na zile 175 zilizobaki zitampa shilingi 70,000. Mfano huu waonyesha kwamba anayejichapishia halipwi kwa kuandika tu. Hulipwa kwa kuuza. Asiye na muda wala moyo wa kubeba vitabu kutoka Homa Bay hadi Kehancha afikirie mara mbili kabla ya kuifuata njia hii.

Aidha, kujichapishia hakumwondolei mwandishi wajibu wa mchapishaji. Kitabu chapaswa kuwa na namba ya ISBN, ambayo nchini Kenya hutolewa na Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya. Nakala za kisheria huwasilishwa kwa mamlaka husika. Zaidi ya yote, mswada lazima upitie mikononi mwa mhariri ambaye si mwandishi mwenyewe. Mwandishi huyaona maneno aliyoyakusudia, na mhariri huyaona yale aliyoyaandika.

Mkataba, mrabaha na hakimiliki

Mwandishi chipukizi anapopokea barua ya kukubaliwa, furaha humfanya atie saini kabla ya kusoma. Ni vyema azingatie vipengele vinne.

Cha kwanza ni msingi wa mrabaha. Turejelee kitabu cha shilingi 400. Mkataba unaoahidi asilimia 10 ya bei ya rejareja humpa mwandishi shilingi 40 kwa nakala. Ule unaoahidi asilimia 10 ya mapato ya mchapishaji, baada ya duka kukata asilimia 30, humpa shilingi 28. Kwa nakala 3,000 tofauti ni shilingi 36,000, ilhali asilimia iliyotajwa ni ileile.

Cha pili ni upana wa haki. Haki ya kuchapisha kitabu si lazima iandamane na haki ya kukitafsiri, kukiigiza, kukitangaza redioni au kukitoa kwa njia ya kielektroniki. Mwandishi anaweza kutoa moja na kubakiza nyingine. Kwa mwandishi wa eneo la mpakani, swali la iwapo mkataba unahusu Kenya pekee au Afrika Mashariki nzima si dogo.

Cha tatu ni kurejea kwa haki. Mkataba useme wazi kwamba kitabu kikikosekana sokoni kwa muda uliotajwa, au kampuni ikifungwa, haki zitarudi kwa mwandishi. Asiyekuwa na kipengele hiki anaweza kushindwa kukitoa upya kitabu chake mwenyewe.

Cha nne ni taarifa ya mauzo. Mkataba utaje ni mara ngapi kwa mwaka mwandishi atapewa hesabu, na iwapo ana haki ya kuikagua.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki katika kazi ya fasihi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Hakimiliki basi ni mali inayorithiwa, kama shamba. Familia nyingi huzijua alama za mipaka ya shamba la marehemu lakini hazijui mkataba wa kitabu chake uliko. Mwandishi makini huweka nakala za mikataba yake pamoja na hati nyingine za nyumbani.

Vitabu teule: baraka na mtego

Haiwezekani kujadili taaluma ya uandishi nchini Kenya bila kugusia vitabu vinavyoteuliwa kutahiniwa. Kazi ikiteuliwa, huuzwa kwa wingi usioweza kulinganishwa na ule wa soko la kawaida, na jina la mtunzi hujulikana katika kila shule. Hiyo ni baraka. Mtego ni kwamba kazi zinazoteuliwa ni chache mno na hudumu kwa miaka michache kabla ya kubadilishwa. Anayeandika kwa kuilenga nafasi hiyo pekee anacheza bahati nasibu.

Isitoshe, sera hubadilika. Kuanzia mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvisambaza shuleni, hatua iliyopunguza biashara ya maduka mengi ya vitabu ya mashinani. Mfumo wa 8-4-4 nao uliratibiwa kufikia kikomo kwa KCSE ya mwaka 2027, na mtaala mpya wa umilisi una mahitaji yake. Mwandishi aliyejenga nyumba yake yote juu ya mtaala mmoja hulazimika kuhama kila mtaala unapobomolewa.

Athari ya kifasihi ni kubwa zaidi. Mwandishi anayemhofia mtathmini huanza kukata yale anayodhani hayatapita: lahaja ya nyumbani, fumbo la kimila, hata ukali wa dhamira. Hatimaye riwaya ya Muhuru Bay husomeka kama riwaya ya mahali popote. Hilo ni hasara kwa lugha, hata pale ambapo mwandishi amepata faida.

Ujenzi wa taaluma

Kitabu kimoja hakimfanyi mtu kuwa mwandishi kwa taaluma. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mwandishi hujazwa na mambo kadhaa.

Kwanza, machapisho madogo. Gazeti la Taifa Leo limekuwa kwa miongo mingi jukwaa la washairi na wachambuzi. Majarida ya vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hufanya vivyo hivyo kwa hadithi fupi na makala. Mhariri wa kampuni akipokea mswada kutoka kwa mtu ambaye jina lake limewahi kuonekana mahali, huusoma kwa jicho jingine.

Pili, jukwaa. Tamthilia huishi inapoigizwa, na tamasha za kitaifa za drama huwapa walimu wa shule nafasi ya kuijaribu kazi yao mbele ya hadhira kabla ya kuichapisha. Mtunzi aliyeona hadhira ikisinzia katika onyesho la pili hahitaji mhakiki wa kumweleza pa kupunguza.

Tatu, tuzo. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi na ile ya Wahome Mutahi zimekuwa na vitengo vya Kiswahili kwa kazi zilizochapishwa. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilifungua mlango kwa miswada ambayo bado haijachapishwa, na baadhi ya iliyoshinda ilipata wachapishaji Nairobi na Dar es Salaam. Mwandishi husoma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma.

Nne, kazi ya kumlisha. Wengi wa waandishi waliotajwa katika makala haya walikuwa na kazi nyingine: uhadhiri, uchungaji, utawala, siasa. Hilo si aibu wala si dalili ya kushindwa. Mshahara wa ualimu humwezesha mwandishi kukataa mkataba mbaya.

Tano, ushirika. Waandishi watano wa kaunti moja wanaosomeana miswada, wanaochangia gharama ya mhariri mmoja na wanaobeba vitabu vya wenzao katika safari zao hupunguza sehemu kubwa ya mzigo ulioonyeshwa katika hesabu ya hapo juu. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuwa kitalu cha ushirika wa namna hiyo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba njia tatu za uchapishaji hazishindani kama farasi katika mbio moja. Nyaigotti-Chacha alizigawa kazi zake kwa wachapishaji kulingana na utanzu. Paul Mboya aliandika kwa ajili ya watu wake na kitabu chake kikafufuliwa na matbaa ya eneo. Kithaka wa Mberia alijichapishia na akafika madarasani kote nchini. Wote watatu walimjua msomaji wao kabla ya kumtafuta mchapishaji.

Mwalimu yule wa Rongo au Ndhiwa mwenye mswada hahitaji kuhamia Nairobi ili awe mwandishi. Anahitaji kujua kazi yake inamlenga nani, gharama yake ni ipi na haki yake inaishia wapi. Maarifa hayo yanaweza kufundishwa, na mahali pake ni katika kozi zilezile zinazofundisha uhakiki. Idara ya Kiswahili inayomfunza mwanafunzi kukisoma kitabu bila kumfunza jinsi kinavyozaliwa imemfikisha mtoni na kumwacha bila mtumbwi.

Maswali ya mjadala

1. Teua simulizi moja ya jadi ya eneo lako. Iwapo ungeiandika upya kwa Kiswahili, ungeipeleka kwa mchapishaji wa aina gani, na kwa nini?

2. Mwanafunzi anakusudia kukitafsiri kwa Kiswahili kitabu cha mwandishi aliyefariki miaka 20 iliyopita. Fafanua ni haki zipi anazopaswa kuziomba na kwa nani.

3. Rudia hesabu ya kujichapishia iliyotolewa katika makala haya, ukichukulia kwamba waandishi wanne wanachapisha diwani moja ya pamoja ya nakala 1,000. Ni gharama zipi zinazopungua kwa kila mmoja, na ni zipi zisizopungua?

4. "Vitabu teule vimekikuza Kiswahili lakini vimewadumaza waandishi." Jadili kauli hii kwa kurejelea kazi mbili zilizowahi kutahiniwa nchini Kenya.